Mtoto Amesikilizwa

Siku walipofika, kabla hata sijatia ufunguo kwenye kitasa, yule mtoto alinitangulia kwa maneno.

"Huyu ni mama yangu," akaniambia, kidole kimemwelekea msichana aliyemshika mkono.

Sikuwa nimemuuliza. Sikuwa nimewauliza chochote, hata majina, maana kazi yangu si kuuliza. Wapo wanaolipwa kuuliza, wako ghorofa ya juu na feni zao. Mimi nafungua mlango, nagawa mablanketi na sabuni, naonyesha choo kilipo, naamua ugomvi wa ndoo. Lakini mtoto alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mkaguzi aliyeingia shuleni bila taarifa. Meno mawili ya mbele hana, na macho yake hayakubanduka kwangu mpaka nilipojibu.

"Nimesikia, bwana mkubwa," nikamwambia. "Ni mama yako. Haya, karibuni ndani."

Jina la Bwana Mkubwa likamganda hapo hapo. Msichana naye, wanawake wa bwenini walimbatiza Mama Mdogo, kwa kuwa alikuwa mama na alikuwa mdogo, na kwa kuwa mtu anayekaa bure akisubiri hana starehe nyingine ila kubatiza wenzake. Mimi walishaniita Bibi Funguo zamani, kwa ajili ya rundo linalonipigapiga pajani nikitembea. Nimezoea. Wanangu wenyewe sasa wananiita hivyo.

Kituo chetu kilikuwa ghala, na bado kina ubaridi wa ghala. Katikati umejengwa ukuta. Upande wangu wanakaa wanawake wenye watoto. Upande wa pili ni nyumba ya watoto waliokuja peke yao, bila baba wala mama. Wale wana walimu, wana kiwanja cha mpira, na wana sheria inayowalinda: mtoto asiye na mzazi harudishwi alikotoka mpaka atimize miaka kumi na minane. Upande wangu sheria hiyo haifiki. Huku mtu anasubiri jibu la ombi lake, na jibu likiwa hapana, linakuja basi la mpakani. Anapanda yeye na watoto wake wote, na geti nalifungua mimi.

Sasa, mimi si mpelelezi. Kila mtu bwenini kwangu amefukia kitu chini ya godoro, na nikianza kunyanyua magodoro ya watu sitapata usingizi hadi nistaafu. Lakini macho hayana pazia.

Mchana mmoja wanawake walikuwa uani wanasukana nywele, na kama ilivyo ada, mazungumzo yakafika uzazini. Mama Pacha alikuwa akieleza jinsi wanawe walivyogombania mlango wa kutokea. Kila mmoja akaongeza la kwake, na kila la kwake lilikuwa baya kuliko la mwenzake. Mwishowe wakamgeukia Mama Mdogo.

"Na wewe mwenzetu? Bwana Mkubwa alikutoa jasho kiasi gani?"

Akafikiri kidogo. "Alitoka vizuri tu," akasema. "Nilikuwa nimekaa."

Vidole vikasimama kwenye nywele. Kisha Mama Pacha akacheka mpaka kitana kikamdondoka.

"Umekaa wapi, mama? Kwenye kochi?"

Ua mzima ukaangua kicheko, na Bwana Mkubwa, aliyekuwa akichora chini kwa kijiti, akacheka pia asijue wanachekea nini. Mama Mdogo alicheka nao, lakini macho yake yalinikimbilia mimi, kuona kama nimeshika. Nilishika. Nimezaa wanne. Sijaona mwanamke aliyezaa akasahau alikuwa amekaaje, kama mtu anavyosahau mwavuli wake mahali.

Lakini lililonimalizia mashaka ni kamba. Watoto wa bwenini wana kamba yao ya kuruka, na wakubwa wakilala mchana, Mama Mdogo alikuwa akishuka uani kuruka nao. Hilo si kitu, mama anaweza kucheza na watoto akawafurahisha. Siku hiyo nikiwa dirishani nikasikia zogo. Nikachungulia. Mama Mdogo ameshika kamba kwa mikono miwili, machozi ya hasira yanamlengalenga, anamfokea kitoto cha miaka minane: "Umekanyaga! Nimekuona umekanyaga! Ni zamu yangu!"

Mama hagombei zamu. Nikarudisha pazia taratibu, nikakaa kitandani kwangu, na moyo ukaniuma vibaya sana. Huyu alikuwa mtoto. Alikuwa mtoto, na tulikuwa tumemlaza upande wa basi.

Sikupanda ghorofani kumwambia mtu. Nilimwongezea blanketi tu, na hilo si msaada wa maana.

Baadaye ikatangazwa. Wakubwa wa juu waliamua kwamba kule wanakotoka akina Mama Mdogo kumetulia, hivyo maombi yote ya watu wa huko yamekataliwa kwa mkupuo, na basi litapangwa. Kumetulia! Makaburi nayo yametulia. Wanawake walilia wakachoka, wakaanza kukunja nguo. Mama Mdogo hakulia. Alinifuata chumba cha kufulia, nilikokuwa nikiloweka mashuka, akasimama karibu na mlango akikunjakunja ncha ya blauzi yake.

"Bibi, ukuta ule mtu anauvukaje?"

"Hauvuki, mwanangu. Mtu anaandikwa upande wake tangu siku ya kwanza."

"Na kama aliandikwa vibaya?"

Nikafunga bomba. Nikageuza ndoo juu chini, nikamwambia akae. Na alipokaa, akasema yote.

Walikuwa ndugu. Baba alichukuliwa kwanza, hakurudi. Mama yao alikufa ndani ya nyumba, na waliomuua waling'oa mabati ya paa wakaenda kuezekea kwao, mtaa huo huo. Binti, maana kuanzia hapo sikuweza tena kumwita Mama Mdogo, alikuwa na miaka kumi na minne. Alimbeba mdogo wake mgongoni wakafuata watu. Kwenye kizuizi cha kwanza aliona wasichana wakitolewa pembeni mmoja mmoja. Mwanamke mmoja wa msafara akamnong'oneza, "Sema una ishirini na mmoja, sema huyu ni wa kumzaa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni hatazamwi mara mbili." Akasema, akapita. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumwona huyu. Uongo wake ulivuka nchi tatu kwa miguu, ukafika salama, hadi mezani kwetu.

"Sasa sema ukweli," nikamwambia. "Tuna wakili. Sheria ipo. Ukithibitika ni mtoto, na huyo mdogo wako naye hana mzazi, mnahamia upande wa pili wote wawili. Basi haliwahusu."

Akatikisa kichwa. "Mimi nitasema. Shida ni yeye."

"Yeye kafanyaje?"

"Nilimfundisha, Bibi. Nilimfundisha mno."

Akanieleza. Mwanzoni mdogo wake alikuwa anasahau, anamwita dada mbele ya watu. Kuna dereva wa lori waliyepanda kwake, akamnunulia mtoto soda, akamwambia kwa upole: sema ukweli tu, mwanangu, hapa hakuna wa kukukasirikia, huyu ni dada yako, sivyo? Mtoto akasema ndiyo.  Binti hakutaja kilichofuata na mimi sikumuuliza, maana nilikiona usoni mwake.

"Kuanzia siku ile nikawa namjaribu mwenyewe," akasema. "Akiwa anasinzia, akiwa anakula, namwambia kwa sauti tamu, mdogo wangu, sema ukweli, mimi ni nani wako? Akisema dada, namfinya. Namfinya kweli, Bibi, mpaka anabaki na alama. Akisema mama, namkumbatia namwambia umefanya vizuri. Nikamwambia, hata wakikupa kitu kitamu, hata wakisema wanajua tayari, hata mimi mwenyewe nikikubembeleza nikilia, ujue wamenilazimisha. Wewe sema mama."

Samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikuwa ameshakunjwa, akaanikwa, akakauka.

Wakili wetu ni msichana mdogo wa chama fulani cha kutetea watu, mkoba wake zipu imekufa na chakula chake anakula amesimama. Nilipomweleza, macho yalimng'aa.

"Bibi, hili linawezekana! Hili linawezekana kabisa!"

Nikampenda kwa neno hilo, na leo bado nampenda, ingawa moyo wangu hauliamini tena. Alikimbia huku na huko. Akampeleka Binti kupigwa picha ya mifupa ya kiganja ili ijulikane umri wake. Daktari akaitazama akasema inawezekana ana kumi na sita, inawezekana ana ishirini. Basi hapo tukabaki pale pale. Majirani wa kwao hawapatikani, shule aliyosoma imeungua. Upande mmoja kulikuwa na maneno ya Binti ya mpakani, kwamba ana ishirini na mmoja na ni mama. Upande mwingine kulikuwa na maneno yake ya sasa. Na afisa wa mashauri, mmoja wa wale wanaolipwa kuuliza, akimtazama mtu aliyebadili maneno baada ya kusikia basi linakuja, angefikiria nini? Mimi na wewe tungefikiria nini?

"Lakini yupo shahidi mmoja," wakili akasema. "Mtoto. Afisa amekubali kumsikiliza. Ni haki yake mtoto kusikilizwa katika jambo linalomhusu."

Haki hiyo imeandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani, nje ya ofisi ya afisa, na picha ya watoto wanaocheka. Nimeipangusa vumbi miaka mingi.

Basi ikabaki kazi moja: kumfanya Bwana Mkubwa aseme neno dada. Utadhani jambo dogo. Tulimkalisha kitandani, Binti akapiga magoti mbele yake.

"Mchezo umeisha," akamwambia. "Tumefika. Sasa unaweza kuniita dada."

Mtoto akamtazama kwa jicho la pembeni, akacheka pengo lote likaonekana. "Hunipati!"

"Safari hii si jaribio. Kweli kabisa."

"Hunipati ng'o! Wewe ni mama."

Nikajaribu mimi. Nikamwambia kwa sauti ya bibi mwenye busara kwamba hapa kwetu hakuna mabaya, kwamba mimi najua kila kitu. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mpinzani asiyejua mpira. Tukampa peremende. Aliipokea, akaila, akasema asante, akasema mama. Kila tulipombembeleza zaidi ndivyo alivyozidi kuwa imara, na kila akishinda alimgeukia dada yake kutaka kukumbatiwa. Binti alikuwa hamkumbatii. Alikuwa anatoka nje.

Ilikuwa karibu na siku ya shauri ndipo alipoachia. Walikuwa chumba cha kufulia, mimi nakamua mashuka, maji yanatiririka kwa kelele. Binti alikuwa amekata tamaa, hata hakuwa anamfundisha tena. Alikuwa anamwogesha miguu ndani ya beseni, anamsimulia habari za mama yao, mama wa kweli, jinsi alivyokuwa akiimba huku amekosea maneno. Mtoto akasikiliza. Akatazama mlangoni, akanitazama mimi, akaona niko mbali. Akainama sikioni kwa Binti, lakini chumba kile kina mwangwi, nikamsikia.

"Dada," akasema. "Mama alikuwa anaimba vibaya."

Binti alimwachia miguu. Akajifunika uso kwa mikono yenye povu, akalia. Alilia kama sijawahi kumwona akilia, mabega yanaruka, maana tangu atoke nyumbani hakuna mtu aliyemwita hivyo bila kufinywa. Mimi nikatupa mashuka nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu. Tumepata! Mtoto kasema! Nikamnyanyua Binti, tukakumbatiana, tukacheka na kulia kwa pamoja.

Tulimsahau mtoto ndani ya beseni. Kama ningegeuka kumtazama uso wake wakati ule, labda ningejua. Alichokiona yeye ni kwamba amesema neno lile, na dada yake ameangua kilio.

Siku ya shauri nilivaa gauni langu la kanisani, kana kwamba ni mimi ninayesikilizwa. Kanuni inataka mtoto mdogo aingie na mlezi, hivyo niliruhusiwa kukaa. Wakili alikaa upande mmoja wa meza, Binti akaambiwa akae kwenye kiti kilicho ukutani na asiseme kitu. Afisa wa mashauri alikuwa mtu wa makamo, na ningependa kuwaambia kwamba alikuwa katili, kwa sababu chuki ingenipunguzia mzigo. Hakuwa. Mezani alikuwa na picha za wajukuu zake. Alitoa pakiti ya biskuti kwenye droo, akamsogezea mtoto, akamuuliza meno yake kayaacha wapi.

"Yalitoka njiani," akasema Bwana Mkubwa. "Moja nimelimeza."

Afisa akacheka kweli. "Na huku umekuja na nani?"

"Na mama."

"Mama yupi?"

"Huyu." Kidole kikamwelekea Binti.

Wakili akakohoa. Binti alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Afisa akavua miwani, akaegemea mbele, na hapa nataka mjue kwamba alikuwa anatusaidia. Alikuwa amesoma maelezo ya wakili na moyoni alikuwa ameshayakubali nusu. Alitaka mtoto ampe ile nusu nyingine.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Sema ukweli tu. Hapa hakuna wa kukukasirikia. Huyu ni dada yako, sivyo?"

 Yalikuwa maneno ya dereva wa lori, karibu neno kwa neno, na biskuti badala ya soda. Nikamtazama mtoto. Mkono wake ulikuwa umeishia njiani kuelekea mdomoni.

Binti akasimama. "Mwambie," akasema. "Mwambie kweli, mdogo wangu. Mimi ni dada yako, nakuruhusu, nakuomba." Na machozi yakawa yanamshuka.

Hata mimi ningekuwa mtoto, ningeona kwamba wamemlazimisha.

Bwana Mkubwa akateremka kwenye kiti. Akaweka biskuti mezani, akajinyoosha, mikono nyuma, kama siku ile mlangoni kwangu.

"Ni mama yangu," akasema. "Mimi nimetoka tumboni mwake. Alikuwa amekaa."

Hakuna aliyecheka. Afisa akamwonyesha Binti kiti kwa kalamu. "Kaa chini, mama. Usimwekee mtoto maneno mdomoni."

Wakili alizungumza sana. Alieleza habari ya njiani, ya kufinywa, ya dereva, sauti inampanda, inakatika. Afisa alimsikiliza hadi mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Kisha akamuuliza swali ambalo mpaka leo silali nalo vizuri.

"Wakili, wewe ndiye uliyeniomba nimsikilize mtoto. Nimemsikiliza. Sasa unaniomba nisimwamini?"

Akavaa tena miwani yake. Halafu akaandika, na anapoandika ana tabia ya kutamka taratibu: "Mtoto... amesikilizwa."

Tulipotokea kwenye korido, chini ya lile karatasi la watoto wanaocheka, Bwana Mkubwa alikuwa anarukaruka. Alimvuta Binti mkono mpaka akainama.

"Alinipa biskuti!" akamwambia kwa mnong'ono mkubwa uliosikika hadi ngazini. "Na akasema anajua. Na wewe ukalia. Lakini sikusema!"

Akasimama akisubiri. Ninajua mlichokuwa mkitarajia, hata mimi nilikitarajia: nilijiandaa kumdaka Binti mkono asimpige. Binti alichuchumaa. Akamfuta makombo ya biskuti kwenye kidevu, akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu, na juu ya bega la mtoto nikauona uso wake, na sitausimulia.

"Umefanya vizuri," akamwambia. "Umefanya vizuri sana."

Wakili alikata rufaa, lakini rufaa haizuii basi. Alinieleza kwamba wakishinda, wataweza kuitwa warudi. Nikamuuliza wataitwa kwa njia gani, barua itumwe nyumba isiyo na paa? Alikaa kwenye ngazi zangu na mkoba wake wa zipu mbovu akalia, na nikamtengenezea chai, maana ndicho nilichokuwa nacho. Nilikuwa nimechoka na hasira pia. Unamkasirikia nani? Afisa alimsikiliza mtoto. Daktari alisema alichokiona. Binti alifanya kilichomfikisha hai. Na mtoto, jamani, mtoto alitimiza ahadi. Kila mtu kafanya lake vizuri, na basi likaja.

Lilikuja asubuhi kukiwa na ukungu. Wanawake walipanda mmoja mmoja na mabegi yao. Mama Pacha aliniachia kitana chake, akasema kule anakokwenda hakuna wa kumsuka. Binti alikuja wa mwisho. Kamba ya kuruka aliikunja vizuri akaniwekea mkononi, ya watoto watakaokuja. Bwana Mkubwa alikuwa mbele kidogo, anahesabu magurudumu ya basi kwa sauti.

"Bibi, nataka kukuomba kitu."

"Omba, mwanangu."

"Siku moja atakuwa mkubwa, atauliza kwa nini tulirudishwa. Kama mtu atamtafuta kwa hii rufaa, au wewe mkikutana naye, Mungu akipenda, asije akaambiwa kwamba ni yeye. Asijue."

"Hatasikia kwangu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema jambo alilokuwa amelifikiria peke yake kwa siku zote zile, nikaona hakutaka ushauri.

"Basi siwezi kuwa dada yake tena. Nikiwa dada, atajua kuwa siku ile alisema uongo, na atajua uongo ule ulitufanyia nini. Nitabaki mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Binti yangu, una miaka kumi na mitano."

"Nina ishirini na mmoja," akasema, na akanitazama usoni bila kupepesa. Sikuona hata dalili ya yule mtoto aliyegombea zamu.

Kwenye mlango wa basi alisimama askari kijana, amejikunyata kwa baridi. Alikuwa anapiga miayo, hakuwauliza kitu. Bwana Mkubwa akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Huyu ni mama yangu," akamwambia.

"Sawa, bosi," akasema askari. "Pandeni."

Mtoto hakupanda. Aligeuka kumtazama Binti, anasubiri, kama alivyozoeshwa. Binti akamwekea mkono kichwani.

"Ndiyo," akamwambia askari. "Ni mwanangu."

Wakapanda. Nikafunga geti, maana ndiyo kazi yangu.